Kuzungumza na mgonjwa ni sehemu ya tiba: mwongozo kwa muuguzi wa wodini

Chuoni wengi wetu tulitoka tukiamini kwamba mawasiliano mazuri na mgonjwa maana yake ni upole: tabasamu, sauti ya chini, lugha ya heshima. Hayo ni mazuri, ila upole peke yake haujawahi kumzuia mtu kumeza dawa vibaya. Wapo manesi wapole sana ambao wagonjwa wao huruhusiwa bila kujua walikuwa wanaumwa nini. Wapo pia wenye sura ngumu ambao mgonjwa akitoka mikononi mwao anajua kila kidonge ni cha nini. Mazungumzo ya tiba ni kazi ya kitaalamu sawa na kusafisha kidonda: yana maandalizi, yana hatua, yana makosa yake yanayojulikana, na yakiisha huandikwa kwenye faili. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani aliyebobea katika afya ya akili, alijenga nadharia yake yote ya mwaka 1952 juu ya uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, wakati ambapo kazi yetu ilionekana ni kutandika vitanda na kumtii daktari.

Ninachoeleza hapa kimeandikwa kwa ajili ya wodi za Tanzania zilivyo: vitanda vimejaa, pazia ni moja au halipo, ndugu wamesongamana mlangoni saa ya kuona wagonjwa, na usiku nesi ni mmoja. Anayesema hana muda nimjibu mapema. Sehemu kubwa ya haya hufanyika mkono ukiwa kazini, unapima presha, unabadilisha dripu, unamgeuza mgonjwa. Kinachobadilika ni maneno yanayokutoka wakati huohuo.

Hatua ya 1: Kabla hujafika kitandani

Fungua faili kwanza. Angalia jina, umri, usiku ulikuwaje, na jambo ambalo wengi huliruka: mgonjwa ameambiwa nini hadi sasa kuhusu ugonjwa wake. Kuna watu waliosikia neno saratani kwa mara ya kwanza kutoka kwa nesi aliyekuwa anabadilisha shuka, akidhani daktari alishasema. Kama faili halionyeshi, muulize daktari au mwenzako wa zamu iliyopita.

Kisha jikague mwenyewe. Ukitoka kugombana na ndugu wa kitanda cha tatu, wa kitanda cha nne hana kosa. Nawa mikono, vuta pumzi, na jiulize unataka kutoka na kitu gani pale. Kimoja kinatosha.

Hatua ya 2: Salamu, jina, na kilichokuleta

Mzee aliyelala na kanula mkononi bado ni mzee. Muuguzi wa umri wa mjukuu wake akifika bila shikamoo na kuanza kumfungua vifungo vya shati, mzee huyo atajibu maswali yote kwa neno moja mpaka siku ya kuruhusiwa. Salimia, jitambulishe, sema umekuja kufanya nini, na muulize anapenda aitwe nani:

"Shikamoo baba. Naitwa Neema, ni muuguzi, niko na wewe mpaka saa mbili usiku. Nimekuja kukupima presha na kukuchoma sindano ya mchana. Nikuite baba nani?"

Maneno hayo hayamalizi nusu dakika. Kumwita mtu "kitanda namba saba" au "yule wa sukari" hakufai, hata mnapoongea wenyewe mezani kwenu, maana wodi zetu zina masikio.

Kuhakiki jina ni suala la usalama, na hapa namna ya kuuliza inaweza kuokoa au kudhuru. Ukisema "Wewe ndiye Fatma Juma?", mgonjwa mwenye homa, au asiyesikia vizuri, au aliyezoea kumkubalia kila mwenye sare, atasema ndiyo. Katika wodi ya Tanga au Unguja unaweza kuwa na akina Fatma Juma wawili. Sema "Niambie majina yako yote matatu, na mwaka uliozaliwa," kisha linganisha na faili kabla ya kushika sindano.

Halafu kuna mtego wa salamu yenyewe. Unamuuliza mgonjwa hali, anajibu "nzuri", "salama", "namshukuru Mungu". Hiyo ni adabu. Sisi sote tumelelewa kujibu hivyo hata tukiwa hoi. Ukiandika kwenye faili kwamba hana malalamiko kwa sababu alisema salama, umerekodi malezi yake na kuuacha ugonjwa. Maliza salamu kama inavyotakiwa, kisha shuka kwenye jambo moja mahususi: "Usiku ulilalaje?" au "Tangu asubuhi umeweza kunyanyuka kwenda chooni?" Na akianza sentensi yake ya pili kwa "ila", usiseme kitu. Acha imalizike.

Hatua ya 3: Kaa, tafuta faragha, shusha sauti

Ukiweza, kaa, uso wako uwe usawa wa uso wake. Ukiwa umesimama na mkono mmoja uko kwenye troli, mgonjwa anajua unaondoka na atakupa jibu fupi. Kama hakuna pazia, ndugu wa kike wanaweza kushika kanga, au mazungumzo ya siri yahamie chumba cha kufungia vidonda. Kijana akiinamisha macho unapoongea naye usikimbilie kuandika kwamba anaficha jambo au hana ushirikiano. Huenda anakuheshimu tu.

Hatua ya 4: Fungua mazungumzo, kisha nyamaza

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi tunapoharibu kwa kuongea. Chukua mfano huu wa wodi ya wanawake. Mama wa makamo ana kidonda cha mguu kwa sababu ya kisukari, anachomwa insulini, na sahani yake ya mchana haijaguswa.

"Mama, naona chakula kipo vilevile."

"Sina hamu, mwanangu."

"Huna hamu." Muuguzi anavuta kiti, anaanza kumfunga kitambaa cha mashine ya presha. Hasemi kitu kingine.

"Asubuhi daktari aliangalia sukari akatikisa kichwa. Nikila itapanda tena."

"Kwa hiyo umeona afadhali usile."

"Ikipanda watanikata mguu. Yule wa hapo pembeni si walimkata?"

Hesabu maneno ya muuguzi: ni machache kuliko ya mgonjwa, na hakuna swali hata moja. Alisema alichokiona, akarudia neno la mgonjwa, akanyamaza, kisha akakusanya. Kilichopatikana ni mambo matatu. Mama anaogopa kukatwa mguu. Anaamini chakula ndicho adui. Na la tatu ndilo la hatari kuliko yote: anachomwa insulini na hali chochote, kwa hiyo usiku ule sukari ingeweza kushuka mpaka apoteze fahamu. Sasa muuguzi anajua cha kufanya: apime sukari, amwite daktari kabla ya dozi inayofuata, amweleze mama chakula na sindano vinavyokwenda pamoja. Angesema "Kula mama, utazidiwa", mama angejibu "Sawa sista", angekoroga wali mara mbili na kuufunika.

Zana za hatua hii ni nne tu, na zote zimo kwenye mfano huo. Kimya ndicho kigumu kuliko zote. Sekunde tano wodini zinaonekana kama robo saa. Vumilia. Mikono ikiwa na kazi, kimya hakimtishi mtu.

Punguza "kwa nini". Mbele ya mwenye sare, "kwa nini umechelewa kuja?" inasikika kama mashtaka, na mshtakiwa hutafuta utetezi. Sema "Ilikuwaje mpaka ukafika leo?" utasikia habari ya nauli, ya mume aliyesafiri, ya mganga aliyeanza kuonwa kwanza. Epuka pia kuuliza mawili kwa pamoja. Ukisema "Unaharisha au unatapika, na umeanza lini?" utajibiwa la mwisho tu.

Hatua ya 5: Mambo ya aibu na mambo ya kienyeji

Kiswahili kina tafsida za kutosha, na mgonjwa atazitumia: sehemu za siri, haja kubwa, siku zangu, kukutana na mume. Zipokee kama alivyozileta, kisha hakikisha mnaongelea kitu kimoja. Mwanamke akisema "naumwa chini", chini huko kunaweza kuwa tumbo la chini, njia ya mkojo, ukeni au mgongoni. Mwambie aonyeshe kwa mkono juu ya kanga. Ukilazimika kutaja jambo waziwazi, tanguliza ruhusa: "Nina swali la ndani kidogo, nawauliza wagonjwa wote wenye tatizo kama lako." Hayo ya mwisho, kwamba wote wanaulizwa, huondoa nusu ya aibu. Kwa mwanaume mzima mbele ya muuguzi wa kike, au kinyume chake, muulize kama angependa mwenzako wa jinsia yake. Kama hayupo, sema hayupo.

Kuhusu mitishamba, usiulize "Umetumia dawa za kienyeji?" kwa sauti ya kukamata mwizi. Atakataa, na mizizi iko kwenye mkoba wa mama mkwe chini ya kitanda. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kurudi. Mtu wa aina hiyo hakwambii mpaka aone kwamba hutamcheka. Sema "Kabla ya kuja hapa nyumbani walikusaidiaje? Kuna kitu cha kunywa au cha kupaka?" Na kwa mama anayekuja na uchungu usioeleweka, uliza kama kuna kitu alichopewa cha kuharakisha, maana baadhi ya mitishamba hukaza mfuko wa uzazi. Daktari na mkunga wanahitaji kujua hilo kabla hawajaongeza dawa yoyote.

Hatua ya 6: Maumivu

Kipimo cha sifuri hadi kumi kinafanya kazi kwa wengi, lakini wapo wazee watakaokwambia "ya kawaida tu" wakiwa na mfupa uliovunjika, kwa kuwa wamefunzwa kuvumilia. Kwao uliza kazi badala ya namba: unaweza kugeuka? unaweza kukohoa? usiku umelala saa ngapi? Tazama na uso anapojigeuza. Kisha rudi baada ya dawa kuuliza tena. Ukisahau kurudi, kesho hatakwambia.

Hatua ya 7: Eleza, kisha yeye akueleze

Futa swali "Umeelewa?" kabisa. Sijui swali jingine linalotupotezea muda kama hilo, maana jibu lake ni moja tu kutoka Kigoma hadi Pemba: "Ndiyo, nimeelewa." Mgonjwa hasemi uongo. Anakuheshimu, ameona foleni nyuma yake, na hataki aonekane mjinga. Mzigo uhamishe ukae kwako: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, mume wako akiuliza hizi dawa zinanywewaje, utamwambiaje?"

Chukua dawa ya mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu. Mtu mzima anapewa vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Juu ya bahasha huandikwa 4x2, na mgonjwa anaondoka. Ambacho bahasha haisemi ni kwamba dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, ndipo za siku ya pili na ya tatu ziende kila baada ya saa kumi na mbili, na kwamba inywewe na chakula, hasa chenye mafuta kidogo au maziwa, ili mwili uichukue vizuri. Kwa hiyo mpe saa, usimpe idadi: "Vinne umeze sasa hivi, saa mbili asubuhi. Vinne leo saa kumi jioni. Kesho na kesho kutwa, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku." Kisha mwachie bahasha mkononi, naye arudie. Akisema "Vinne asubuhi, vinne jioni, nikipata nafuu naacha", umekamata kosa likiwa bado mlangoni. Mweleze kwamba nafuu ya siku ya pili haimaanishi vimelea vimekwisha, kisha arudie tena. Mara nyingi raundi mbili zinatosha.

Mambo mengine madogo ya hatua hii:

- 1x3 kwa watu wengi maana yake ni asubuhi, mchana, jioni, pamoja na chakula. Kama dawa inatakiwa kila saa nane, taja saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Asiye na saa tumia adhana, redio au kengele ya shule.
- Chati zetu zinaandikwa 14:00, mgonjwa anaishi kwenye saa nane. Na "saa mbili" bila kusema asubuhi au usiku ni kosa linalosubiri kutokea.
- "Kijiko kimoja" cha dawa ya mtoto: kipi, cha chai au cha chakula? Mwonyeshe kile cha kwenye boksi, chota maji, naye achote mbele yako.
- Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) ya lita moja: muulize nyumbani ana chombo gani. Chupa tupu ya maji ya lita moja ni jibu zuri kuliko hesabu ya vikombe. Na soma pakiti, usikariri ujazo.
- Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikianza, muulize mgonjwa Mwislamu wa kisukari au wa presha kama ana nia ya kufunga, ili mpange dozi na daktari mapema. Usipomuuliza atapanga mwenyewe.

Asiyejua Kiswahili vizuri anahitaji mkalimani mzima. Usimtumie mtoto wake wa miaka kumi kumuuliza bibi wa Kimasai habari za uzazi. Tafuta mfanyakazi anayeijua lugha, muongee na bibi huku ukimtazama bibi, sentensi fupi fupi.

Hatua ya 8: Ndugu

Mgonjwa hafiki hospitali peke yake. Kuna anayelipa, kuna anayepika uji, kuna anayelala sakafuni pembeni ya kitanda, na kuna yule anayejibu maswali yote. Unamuuliza mgonjwa anaumwa wapi, dada yake anasema "Tumbo, na chakula hali vizuri." Usimkate kwa ukali. Mwili wako ubaki umemwelekea mgonjwa, useme: "Asante dada, nitakuja kwako, una mengi ya kunisaidia. Kwanza nimsikie mwenyewe." Kisha kweli nenda kwake, maana ndugu huyo ndiye anayejua kwamba mgonjwa alianguka wiki iliyopita.

Muda wa faragha upate kwa kazi. "Naomba mtupishe dakika tano, nasafisha kidonda" ni sentensi ambayo hakuna ndugu anayeinunia. Ndani ya dakika hizo muulize mgonjwa: nani ungependa ajue hali yako? Kuna mtu ambaye usingependa aambiwe? Mwaka wa kwanza kazini unaweza kuona maswali haya hayana uzito. Utaona uzito wake siku ambayo mke wa kwanza na wa pili wamekutana pembeni ya kitanda cha mgonjwa.

Mwenye mgonjwa atakusimamisha korido: "Sista, majibu ya mdogo wangu yametoka? Ana nini?" Jibu ambalo halivunji siri wala heshima ni hili: "Kaka, naona unavyomhangaikia. Majibu ni yake, na mimi siruhusiwi kumpa mtu mwingine. Twende tumuulize, akikubali tutakaa wote watatu." Hili linamhusu mume, mke, na mama mzazi wa mtu mzima. Kwa virusi vya UKIMWI, siri hiyo inalindwa na Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008, lakini siri wodini haivuji kwa majibu tu. Inavuja kwa kadi ya kliniki iliyoachwa juu ya kabati, kwa kopo linalotambulika la ARV (dawa za kufubaza virusi hivyo), kwa nesi anayeita "Wa CTC aje!", yaani wa kliniki ya dawa hizo. Kwenye simu usitoe habari yoyote ya ugonjwa, hata anayepiga akijitaja kuwa mtoto wake wa kwanza. Hujui ni nani.

Ombi gumu ni lile la "Msimwambie, atakufa kwa presha." Ndugu wanaosema hivyo mara nyingi wanampenda mgonjwa kweli. Usiwahutubie habari za haki za mgonjwa. "Nimewaelewa, hamtaki aumie. Sitamwanzishia jambo hili mimi. Lakini akiniuliza mwenyewe sitamdanganya, nitamwita daktari tukae naye." Halafu nenda kwa mgonjwa, bila wao, ukamuulize: "Kuna watu wanaopenda kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wao, na kuna wanaopenda mtoto wao ndiye aongee na daktari. Wewe ungependa tufanyeje?" Wapo watakaosema "Ongeeni na mwanangu." Hilo ni jibu halali, maana amelichagua. Wapo pia watakaosema, kwa utulivu kabisa, kwamba wanajua walichonacho na wamekuwa wakiwaficha watoto wasilie.

Habari mbaya na hofu

Habari ya ugonjwa mzito huitoa daktari, lakini yeye huondoka baada ya dakika kumi na wewe unabaki. Hakikisha upo anapoisema, ili ujue maneno gani yametumika. Akiondoka, kaa. Muulize amesikia nini, kwani baada ya neno la kwanza zito watu wengi hawasikii linalofuata.

Kinachotuponza hapa ni faraja ya haraka. "Usijali, utapona tu, Mungu mkubwa." Sina ugomvi na Mungu kutajwa wodini. Wagonjwa wetu ni watu wa dini na wengi wetu pia. Tatizo ni sentensi hiyo ikitumika kufunga mlango. Mgonjwa anasema "Naogopa", wewe unamjibu kwa imani, na hofu yake haikuulizwa. Sema "inshallah" au "tunamwomba Mungu", kisha endelea: "Katika haya yote, ni lipi linalokutisha zaidi?" Jibu linaweza kuwa maumivu, deni la hospitali, au nani atabaki na mtoto wa mwisho. La maumivu daktari anaweza kulishughulikia leo, la deni lina ofisi ya ustawi wa jamii. La mtoto halina ofisi, lakini limesemwa.

Kwa kifo, wakalishe ndugu mahali pa faragha, mtaje marehemu kwa jina, useme "amefariki", unyamaze. Maneno ya kuzunguka huwafanya wengine waulize kama amehamishiwa hospitali nyingine. Habari za kibali cha mazishi zije baadaye kidogo, ila zisichelewe kwa familia inayotaka kuzika leoleo. Bili isitajwe katika pumzi hiyohiyo.

Chumba cha kujifungulia

Kuna sentensi inayojulikana nchi nzima, ile ya "Wakati unaitafuta mbona hukulia?" Wanaoisema hudhani wanampa mama nguvu ya kusukuma. Haimpi chochote, na mama huyo akipata mimba nyingine atakumbuka sentensi kabla ya kukumbuka hospitali, atajifungulia nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, limeweka heshima, mawasiliano mazuri na mwenza wa kuchaguliwa na mama kuwa sehemu ya huduma yenyewe.

Tangaza kila unachofanya kabla ya kukifanya: "Mama, nataka kukupima njia sasa. Utasikia mkono wangu, haitazidi dakika moja. Uchungu ukija niambie, nitasubiri." Ukimaliza mwambie ulichokikuta: "Njia imefunguka sentimita sita, mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri, tunaenda vizuri." Mama aliyepewa namba huwa na kitu cha kushikilia. Maelekezo ya kusukuma yatoke kwa mtu mmoja, mafupi. Wakunga watatu wakipiga kelele kwa pamoja, hasikii hata mmoja. Na binti wa miaka kumi na sita mwite mdogo wangu au mwanangu. Lawama za umri wake alishazipata zote nyumbani.

Hasira

Mara nyingi chanzo ni dawa iliyokosekana au kusubiri. Ndugu anafoka: "Mnatuambia tukanunue nje, sasa hospitali ya nini?" Usijibu kwa kuilinda hospitali. Mpeleke pembeni, mbali na watu, ukubali lililo kweli, useme unachoweza na saa ya kurudi: "Una haki ya kukasirika, dawa haipo tangu jana. Hiki hapa cheti chako. Naenda kumuuliza mfamasia kama kuna mbadala, nitarudi kabla ya saa tano." Kisha rudi kabla ya saa tano, hata kama jibu ni hapana. Akinyanyua mkono, ondoka na uite walinzi. Mazungumzo yana mwisho wake.

Anayesema amechoka kuishi

"Nina mawazo sana" inaweza kuwa huzuni ya kawaida au mlango wa jambo kubwa. Uliza wazi: "Umewahi kufikiria kujidhuru, au kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, bali mara nyingi kunampa nafasi ya kushusha mzigo. Akisema ndiyo, muulize kama ana mpango na kitu cha kutumia, usimwache peke yake, ondoa vinavyoweza kumdhuru, mwite daktari. Usimwahidi siri. Kumbuka kwamba kujaribu kujiua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwa hiyo aliyekunywa sumu ya panya anaweza kukwambia alikosea chupa. Mwambie kazi yako ni kumtibu, na kwamba ili umtibu vizuri unahitaji kujua alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi.

Mwisho wa mazungumzo: faili na zamu

Usipoandika, mwenzako wa usiku ataanza upya na mgonjwa atachoka kurudia. Andika maneno ya mgonjwa kwa Kiswahili chake ndani ya alama za nukuu, hata kama faili lote ni Kiingereza. "Ametulia, hana malalamiko" haimsaidii mtu yeyote. Mkikabidhiana zamu kitandani, mambo ya siri yasomwe kwenye faili, yasitamkwe. Maelezo ya yule mama wa kisukari yangeweza kuandikwa hivi:

"Saa 8:20 mchana. Hajala mchana. Anasema: 'Nikila itapanda, watanikata mguu.' Sukari imepimwa, daktari amejulishwa kabla ya insulini ya jioni. Ameelezwa chakula na sindano vinavyokwenda pamoja, akarudia mwenyewe kwa usahihi, amekula nusu sahani. Anaomba daktari wa upasuaji amweleze hali ya mguu kesho kwenye raundi. Ameruhusu binti yake mkubwa aambiwe, wengine hapana."

Mstari huo wa mwisho upigie mstari chini.